Upepo na Saruji: Ujenzi wa Pwani Yetu Baina ya Vita Vikuu Viwili

Mimi ni mtu wa bara. Nimekulia Mbalizi, chini ya safu ya milima ya Mbeya, mahali ambapo upepo si rafiki wa mtu. Katika miezi ya Juni na Julai, jua likisha kuchwa, kila nyumba hufunga madirisha yake mapema. Na mzee ajengapo nyumba huagiza madirisha yawe madogo, tena yawe upande usiopigwa na baridi. Kwa hiyo nilipofika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, nikiwa kijana wa shule, nilistaajabu kuona watu wakiutafuta upepo kama sisi tunavyoutafuta moto. Mjomba wangu, aliyekuwa akikaa Kariakoo, alitoa viti viwili barazani baada ya magharibi, akanionyesha nafasi karibu na mlango wa ukumbi, akasema, "Keti hapa, mjomba, hapa ndipo unapopita upepo uliobaki." Sikuelewa siku ile kuwa ulikuwa umebaki baada ya nani.

Insha hii ni jibu la neno lile, lililonichukua miaka mingi kulipata. Jibu lenyewe limo katika historia ya miaka 20 iliyo baina ya vita vikuu viwili vya dunia, yaani tangu 1919 hadi 1939, na hasa katika namna miji yetu ya pwani ilivyopimwa na kujengwa katika miaka hiyo.

Wasomi wa elimu ya ujenzi huzitaja zama hizo kwa sifa. Ndizo zama ambazo usasa ulishuka baharini. Katika mji wa Bexhill, pwani ya kusini ya Uingereza, lilifunguliwa mwaka 1935 jumba la starehe lililobuniwa na Erich Mendelsohn na Serge Chermayeff, lenye kuta nyeupe, paa la sakafu bapa, na ngazi iliyozungukwa na vioo kutoka chini hadi juu. Miaka miwili kabla yake, hoteli ya Midland ilikuwa imefunguliwa Morecambe, nayo imepinda mfano wa ubavu wa meli. Bombay nako, katika miaka ya 1930, ardhi iliyonyang'anywa bahari ilijengwa safu ndefu ya nyumba za ghorofa zenye pembe za mviringo na roshani zinazotazama maji, na barabara ile ikaitwa Marine Drive. Nyumba hizi zote zilitofautiana kwa mengi, lakini shabaha yao ilikuwa moja: mtu apate jua, hewa na mandhari ya bahari. Mtindo na upepo vilikuwa kitu kimoja.

Kwetu havikuwa kitu kimoja, na hili ndilo neno ninalotaka kulithibitisha. Katika Dar es Salaam ya miaka ile, upepo wa bahari ulitolewa kwa watu fulani kwa njia ya kanuni za mji, nao hawakuwa na haja ya mtindo mpya. Na mtindo mpya ulishikwa na watu wengine ambao kanuni zile zile ziliwaweka mbali na upepo. Mtu asomaye historia ya ujenzi kwa kuzitazama sura za nyumba peke yake hatauona mgawanyo huo. Yambidi atazame pia nyumba hizo zimesimama wapi.

Tuanze na vitu vya ujenzi wenyewe, kwa kuwa hoja nyingi hupotea pale mwandishi anaposahau kuwa nyumba hujengwa kwa kitu. Nyumba ya mawe ya pwani, tangu karne nyingi, ilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Matumbawe yalichimbwa ufukoni au kuvuliwa baharini, na chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya lundo la kuni. Kuta zilikuwa nene sana. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, nyingi zikikatwa katika delta ya Rufiji, na urefu wa boriti ndio uliokuwa bwana wa nyumba, kwani chumba hakikuweza kuwa na upana zaidi ya kiasi cha mita tatu hivi. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu, Mombasa na Unguja ni virefu na vyembamba, kana kwamba kila kimoja ni ushoroba wa kingine. Fundi aliyetaka ukumbi mpana hakuwa na njia ila kusimamisha nguzo katikati.

Saruji na nondo viliuvunja utawala huo wa boriti. Zege lenye nondo laweza kuruka nafasi kubwa bila nguzo. Laweza kutokeza nje ya ukuta na kuning'inia juu ya njia. Laweza kukunjwa pembeni kama karatasi. Dirisha laweza kuwekwa pale pale kwenye pembe ya nyumba, mahali ambapo katika nyumba ya mawe fundi asingethubutu kupatoboa, kwa kuwa pembe ndiyo iliyobeba kuta mbili. Walakini saruji ilikuwa ghali. Tanganyika haikuwa na kiwanda chake cha saruji hata mwaka 1966, kilipoanza kazi kile cha Wazo Hill. Kabla ya hapo mifuko ilifika kwa meli kutoka ng'ambo. Na bandari ya Dar es Salaam katika miaka tunayoizungumzia haikuwa na gati la maji marefu. Gati hilo lilikuja mwaka 1956. Meli zilitia nanga katikati ya bandari, shehena ikashushwa katika matishari, nayo matishari yakapakuliwa kwa migongo ya watu. Kila ukuta wa saruji uliosimama mjini mwaka 1935 ulipita kwanza juu ya bega la kibarua wa bandarini. Vibarua hao, waliolipwa kwa siku na kuachwa siku nyingine bila kazi, waligoma Julai 1939, na wenzao wa Tanga wakafuata mwezi wa Agosti; lakini hiyo ni habari inayostahili insha yake.

Sasa natuingie mjini. Waingereza waliitwaa Dar es Salaam Septemba 1916, na walipokabidhiwa nchi kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa walikuta mji uliokwisha kugawanywa na Wajerumani. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1914 ilikuwa imeugawa mji katika kanda tatu. Waingereza waliupenda mgawanyo huo, ila walikuwa na kikwazo kimoja: masharti ya udhamini hayakuwaruhusu kuwabagua waziwazi raia wa mataifa wanachama, na Wahindi walihesabiwa miongoni mwa hao. Basi kanuni zikaandikwa kwa werevu. Hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba. Katika kanda ya kwanza ziliruhusiwa nyumba za kukaa za namna ya Kizungu, katika kanda ya pili nyumba za biashara na makazi pamoja, na katika kanda ya tatu nyumba za namna ya kienyeji. Baina ya kanda ya pili na ya tatu iliachwa nafasi tupu, ambayo hata leo twaiita Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu wa malaria, ilidaiwa, asingeweza kuivuka nafasi ile kwa urahisi.

Mwenye kuijua pwani atazame ramani hiyo huku akikumbuka pepo zetu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban tangu Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka. Zote mbili huufikia mji kutoka upande wa bahari. Kanda ya kwanza ilikuwa upande wa mashariki, ikielekea maji, pamoja na bustani, viwanja vya gofu, na hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897. Kanda ya pili ilifuata nyuma yake, imejaa maduka yaliyobanana. Kariakoo, mahali palipopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika vita vya kwanza, palikuwa nyuma ya zote, magharibi. Sidai kuwa mpimaji wa ardhi alikaa mezani akaandika, "Upepo huu ni wa fulani." Nadai ya kuwa aliyeipanga kanda ya kwanza alijua upepo unatoka wapi, kwa kuwa vitabu vyote vya afya ya nchi za joto vya wakati ule vilimfundisha ajenge mahali penye upepo.

Mji ulipokua kidogo, kanda ya kwanza haikutosha. Ng'ambo ya mkono wa bahari unaopokea maji ya mto Msimbazi, upande wa kaskazini, kulikuwa na ufuko mzuri wenye miamba ya matumbawe na upepo usiokatika, na mbele zaidi kijiji cha wavuvi cha Msasani. Mwaka 1929 lilijengwa daraja juu ya mkono ule, likapewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Ujenzi ya Tanganyika. Daraja lile ndilo lililoufungua ufuko wa Oysterbay kwa makazi. Viwanja vilipimwa vikubwa, nyumba moja mbali na ya pili, na barabara zikapinda kwa kufuata ufuko.

Nimezitazama nyumba za zamani zilizosalia huko kwa makini, na ni lazima niseme kweli: aghalabu hazina kitu cha kisasa katika sura zao. Ni nyumba za ghorofa moja au mbili, zenye paa la mteremko la vigae, kingo za paa zinazotokeza sana nje ya kuta, na veranda pana. Mendelsohn asingezitazama mara mbili. Lakini zinapumua. Madirisha yanatazamana, milango inatazamana, na mtu akisimama katikati ya chumba cha kulia chakula saa nane mchana huhisi hewa ikimpita pande zote. Aliyeumiliki upepo hakuwa na haja ya kuuigiza kwa zege.

Mwaka ule ule wa 1929 una jambo lingine, nami sikuweza kulipita kwa kuwa lagusa nyumbani kwetu. Mhandisi wa reli aliyeitwa Clement Gilman alitoa ripoti ya upimaji wa njia ya reli ya kuifungua sehemu ya kusini-magharibi ya nchi, yaani nchi yetu ya Iringa na Mbeya. Njia ilipimwa, madaraja yakakadiriwa, mazao yatakayobebwa yakahesabiwa. Kisha mporomoko wa biashara wa dunia ukaanza, na ripoti ikawekwa kabatini. Reli ilifika Mbeya katika miaka ya 1970 tu, nayo ilijengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia. Hoteli kongwe ya Mbeya ilikuwa mali ya shirika la reli wakati ambapo garimoshi lenyewe hapakuwa na mtoto wa Mbeya aliyeliona nyumbani kwao, na wazee walizoea kutaniana kwa jambo hilo. Najua ya kuwa gharama ya daraja moja haiwezi kulinganishwa na gharama ya reli ya mamia ya kilomita, wala sisemi ya kuwa fedha za moja zingetosha nyingine. Nasema tu ya kuwa katika mwaka mmoja serikali ile ile ilipima mambo mawili, na lililojengwa ni lile lililowapeleka maofisa kwenye upepo.

Gilman huyo huyo aliandika baadaye historia ya Dar es Salaam tangu 1860 hadi 1940, iliyochapishwa mwaka 1945, na ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo yaliyoutazama mji ule kama kiumbe kinachokua kwa sababu zinazoweza kuelezwa. Kila mwanafunzi wa somo hili na aisome, ijapokuwa yampasa akumbuke kiti alichokikalia mwandishi.

Turudi sasa katika kanda ya pili, ambako mambo yalikuwa kinyume. Wafanyabiashara wa Kihindi walioishi huko hawakuweza kwenda ufukoni kwa urahisi, na viwanja vyao vilikuwa vidogo. Walikuwa na fedha kiasi, walikuwa na mafundi wao waliotoka Kachi na Gujarati, na walikuwa na jamaa Bombay. Kila meli iliyotoka huko ilileta habari za Marine Drive, magazeti yenye picha, na filamu. Basi mwenye duka aliyefanikiwa aliibomoa nyumba yake ya matumbawe na bati, akasimamisha ya saruji yenye ghorofa mbili au tatu: duka chini, familia juu. Mbele ya nyumba alitokeza roshani ya zege yenye pembe ya mviringo. Juu ya madirisha aliweka vivuli vyembamba vya zege, vinavyofuatana kwa mistari mitatu au minne kama mistari ya daftari. Katikati, juu kabisa, alipandisha ukuta mfupi wenye ngazi mbili tatu kila upande, na hapo fundi akaandika kwa plasta jina la nyumba na mwaka: 1934, 1937, 1939.

Miaka ile iliyoandikwa ukutani yanivutia kuliko kitu kingine chochote katika mji ule. Majumba ya serikali hayakuwa na desturi hiyo kwa wingi. Mtu huandika mwaka juu ya ukuta anapotaka kusema, "Nipo hapa, tena sitaondoka." Na hao walikuwa watu ambao haki yao ya kukaa mahali wapendapo ilitiwa shaka kila siku na kanuni. Nyumba zao zilikuwa na sura ya meli, lakini hazikuiona bahari. Madirisha yale ya mstari mrefu, yaliyobuniwa Ulaya kwa ajili ya mandhari, yalitazama dirisha la jirani ng'ambo ya njia nyembamba. Na roshani iliyobuniwa kwa ajili ya upepo ilianikiwa nguo. Mtu asicheke. Usiku wa Februari, familia ilipotandika mikeka roshanini ili ilale nje, roshani ile ilifanya kazi yake, kwa kadiri ya upepo uliopata njia ya kupita.

Na kanda ya tatu? Hapo haki ya kiwanja ilikuwa ya muda mfupi, na mwenye kiwanja cha namna hiyo hana sababu ya kununua saruji. Nyumba iliyoenea ilikuwa ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili: ushoroba katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Kuta zilikuwa za miti, fito na udongo. Paa la makuti, na baadaye mabati au madebe yaliyopasuliwa. Vitabu vya usasa haviitaji nyumba hii hata kwa mstari mmoja. Nami naiona kuwa ndiyo nyumba iliyoujenga mji. Mwaka 1931 Dar es Salaam haikufika watu 40,000. Mwaka 1948 ilikuwa karibu 70,000. Na wengi wa walioongezeka walipanga chumba katika nyumba za namna hii. Ushoroba wake wenye mlango mbele na mlango nyuma ni njia ya hewa iliyofikiriwa vizuri. Mjomba wangu alijua aliponiweka pale.

Nimesema mengi juu ya Dar es Salaam kwa kuwa ndiko mgawanyo unakoonekana waziwazi. Unguja palikuwa na sura nyingine. Huko mtawala alikuwa mwenyewe mchora ramani za majumba: John Houston Sinclair, aliyekuwa Balozi Mkazi wa Uingereza tangu 1922 hadi 1924, alipenda kuba, matao na kuta zenye meno, na alizitia katika majumba ya serikali kana kwamba yeye ndiye mrithi wa wajenzi wa Kiarabu. Jumba la makumbusho la Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 kwa ukumbusho wa amani, ni lake. Na Ikulu ya Dar es Salaam, iliyojengwa upya mwaka 1922 baada ya ile ya Wajerumani kupigwa mizinga na manowari, ina mkono wake pia. Mchora miji H. V. Lanchester aliitwa kuupima mji wa Unguja, na kitabu chake kikatoka mwaka 1923. Baadaye ikajengwa bandari mpya, iliyokamilika 1929. Usasa wa Unguja katika miaka hiyo ulikuwa wa gati na korongo za kupakulia. Sura ya majumba iliachwa ivae kilemba.

Mombasa ilitangulia wote kwa bandari. Magati ya maji marefu ya Kilindini yalianza kutumika mwaka 1926, na mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la kuelea la Nyali, lililokiunganisha kisiwa na bara ya kaskazini. Linganisha tarehe: Selander 1929, Nyali 1931. Katika miji yote miwili daraja lilivuka maji membamba likauacha nyuma mji wa kale na kuelekea ufuko mtupu. Malindi nako, katika miaka ya 1930, walowezi wa nyanda za juu za Kenya walianza kushuka kwa likizo, na hoteli za kwanza za ufukoni zikafunguliwa kwa ajili yao.

Kuna kejeli moja ya historia ambayo siwezi kuiacha. Ernst May, aliyekuwa mkuu wa ujenzi wa mji wa Frankfurt tangu 1925 hadi 1930 na mmoja wa vinara wa ujenzi wa kisasa katika dunia nzima, alifika Tanganyika mwaka 1934 baada ya kutoka Urusi, kwa kuwa Ujerumani ya Hitler haikuwa na nafasi kwake. Mtu aliyejenga maelfu ya nyumba za wafanyakazi akaishi karibu na Arusha akilima kahawa. Mwaka 1937 alihamia Nairobi, na ilimpasa kungoja hata baada ya vita ndipo apate kujenga hoteli ya Oceanic kwenye ufuko wa Mombasa. Basi katika miaka ile ile ambayo mafundi wa Dar es Salaam walikuwa wakiigiza usasa kutoka katika picha za magazeti, bwana wa usasa alikuwa bara, akikagua mibuni.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi mmoja wa nyumbani aliyeniuliza, "Mwalimu, habari za nyumba za pwani zatuhusu nini sisi wa Mbalizi?" Nilimjibu kwa habari ya ndege. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, ukikua kwa ajili ya dhahabu ya Lupa. Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya barua kutoka London hadi Cape Town, safari ya kama siku 11, na ndege zilitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya kabla ya kuvuka kwenda Mpika na Broken Hill, mji ambao leo ni Kabwe. Kwa miaka mitano Mbeya, mji usio na reli, ulikuwa kituo katika njia kuu ya dunia. Kisha zikaja ndege za kutua majini. Hizo hazikuhitaji uwanja. Zilihitaji maji yaliyotulia. Mwaka 1937 njia kuu ikahamishwa pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, hadi Durban. Usasa, uliokuwa umepita juu ya vichwa vyetu, ukateremka baharini ukatuacha.

Watu wetu nao waliteremka. Wabena, Wahehe na wengine wa nyanda za juu za kusini walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wale ambao lugha ya siku zile iliwaita manamba. Na mkonge ndio uliokuwa zao kubwa la kuiuzia nchi fedha za kigeni. Fedha za madaraja na barabara za ufukoni hazikutoka katika upepo. Zilitoka pia katika jasho la watu waliozaliwa mahali ambapo upepo hufungiwa dirisha.

Yaliyofuata ni mafupi kuyasimulia. Baada ya uhuru wa 1961 nyumba za Oysterbay zilikaliwa na mawaziri na maofisa wakuu. Kanuni za kanda zilikwisha, ramani ikabaki. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilizichukua nyumba za kupangisha zilizozidi thamani ya shilingi 100,000, na nyingi za zile zenye miaka ukutani zikawa mali ya umma. Waliozijenga wengi wao waliondoka nchini. Wapangaji wapya walifunga roshani kwa mbao na vioo ili wapate chumba kingine, na baada ya miaka nyumba zenyewe zikaanza kubomolewa kupisha minara. Ninalo daftari ambamo huandika jina la mtaa, jina la nyumba na mwaka wake. Kila nikirudi Dar es Salaam huenda kuzihakiki, na kila safari hukata mstari mmoja au miwili. Bombay, safu ya nyumba za miaka ya 1930 iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Nyumba zetu ni ndugu maskini wa zile, wala hazijapata hata orodha iliyo kamili. Kama mwanafunzi mmoja akiiona insha hii akaamua kuchukua kamera na daftari kabla ya kuchukua digrii yake, nitakuwa nimelipwa.

Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja la Tanzanite, linalopita baharini kwenyewe, mbele ya lile la Selander. Barabara ya Ocean Road imeitwa Barack Obama tangu 2013. Ufuko wa Oysterbay, ule wa Coco Beach, Jumapili jioni hujaa watu wa Kariakoo, Ilala na Temeke, wanaokula mihogo ya kukaanga na kuuelekeza uso baharini kama mjomba alivyofanya. Kariakoo yenyewe imejaa ghorofa ndefu zilizobanana. Nyumba ya mjomba iliuzwa na kubomolewa. Mahali palipokuwa na baraza pana mlango wa duka la vitambaa, na ndani yake feni mbili huzunguka mchana kutwa.